Kitufe cha Kunong'ona

Saa saba mchana, Redio Ng'wezi ya Ushirombo ikiwa katikati ya matangazo ya vifo, wilaya nzima ilimsikia mtangazaji Zuhura akiuliza: "Nestory, huyu Mzee Nkwabi si ndiye yule mlevi aliyekuwa akilala mtaroni?"

Sokoni watu waliacha kupima mchele wakatazamana. Haukupita muda, wana wa marehemu walikuwa getini na fimbo mkononi. Meneja, Telesphori, aliwapigia polisi simu, kisha akamwambia Zuhura akusanye vitu vyake.

Koplo Bhoke aliwatuliza vijana wale, akaingia studio. Zuhura alikuwa ameketi sakafuni, mtandio mapajani.

"Nilibonyeza kitufe cha kunong'ona, afande," alisema. "Hicho humpelekea fundi sauti peke yake. Hewani haitoki."

"Leo imetoka."

"Imetoka. Na kipindi changu cha Alhamisi nacho kimekufa."

Bhoke alimwomba fundi, Nestory, akifungue kisanduku cha mtangazaji mbele yake. Ni chombo cha chuma kinachokaa mezani, kipaza sauti kikichomekwa nyuma yake. Kiwandani hukiacha na matundu ya ziada. Mteja huagiza soketi na kadi anazotaka, na tundu lisilo na kazi huzibwa kwa kibati. Kwa kubembelezwa na Zuhura, redio ilikuwa imeagiza pia kadi ya simu, kibao cha umeme kinachoingiza simu za wasikilizaji; kwa hicho, Alhamisi ya wiki ile wajane wa wachimbaji waliofukiwa shimoni wangezungumza moja kwa moja hewani.

Ndani vumbi jekundu lilikuwa limetanda. Kwenye kadi mojawapo palikuwa na viswichi vinane, kila kimoja kama punje ya mchele. Saba vilifunikwa na vumbi. Kimoja kilikuwa safi, na kimesukumwa chini.

Nestory alikirudisha juu, akamwambia Zuhura anong'one. Redio ndogo ya dirishani haikutoa neno.

"Ulijua kazi ya kiswichi hiki?" Bhoke aliuliza.

"Nimeijua sasa hivi. Kisanduku kilipoletwa, bosi alivipanga viswichi mwenyewe akisoma kitabu cha maelekezo cha Kiingereza. Umeme ulikuwa umekatika, mimi nilimshikia tochi."

"Lakini bisibisi ya kukifungulia ni yako."

"Ni yangu, na ndiyo maana nimeshaanza kuaga nyumbani." Akatabasamu bila furaha. "Ila afande, ningekifungua mimi ningepuliza vumbi kwanza. Fundi wa huku hata akifungua redio ya mkulima hupuliza kwanza. Mkono unakwenda wenyewe."

Bhoke alitazama mashine mbili alizozitengeneza Nestory. Ndani ziling'aa.

Aliyefuata alikuwa Mzee Salmini, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyesoma vifo kabla ya kupokonywa kazi hiyo akapewa Zuhura.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniuliza kama namwonea wivu. Namwonea."

"Kiasi cha kumharibia?"

"Funga mlango," alisema Salmini. Ulipofungwa, alinyoosha mkono akapapasa mpaka akaipata meza. "Macho yamekwisha. Mwaka wa mwisho majina ya marehemu nilisomewa na mke wangu, nikayakariri, ndiyo maana nikaanza kuyakosea. Hicho kiswichi mnachokisema, nitakionea wapi? Usimwambie mtu ila ikibidi."

Bhoke aliahidi. Kisha akaenda ofisini kwa meneja.

"Mimi na mitambo wapi na wapi, koplo," alisema Telesphori. "Kisanduku kile ndani sijawahi kukiona. Mwulize fundi."

"Nimemwuliza." Bhoke aliwaita Zuhura na Nestory waingie. "Kuna viswichi vinane. Asiyejua angejaribu kimoja hadi kingine, na vumbi lingeonyesha vidole vyake. Aliyefanya hivi aligusa kimoja tu, kile chenyewe. Alikuwa amesoma kitabu. Fundi hajakisoma, lakini alikushikia tochi ukikisoma. Kwa nini uniambie hujaona ndani?"

Telesphori alimtazama Nestory, naye Nestory akaangalia dirishani.

"Shimo lile lililofukia wachimbaji ni la shemeji yangu," meneja alisema hatimaye. "Wajane wangesema wanaume wao walivyoonya kwamba kuta zimepasuka, na jinsi walivyolazimishwa kushuka. Ningekizuia kipindi, watu wangeuliza sababu."

"Ukaona heri niondoke mimi," alisema Zuhura.

"Sikukuzushia chochote. Nilijua tu huwezi kumaliza majina mawili bila kumnong'oneza Nestory upuuzi. Maneno yalikuwa yako, binti."

Bhoke alimwambia achukue koti lake wafuatane kituoni.

Bodi ilimrudishia Zuhura kazi jioni ile, lakini hakukaa kwenye kipaza sauti. Alijitanda kanga akaenda msibani kwa Mzee Nkwabi. Wanawake walinyamaza alipoingia. Alipiga magoti mbele ya mjane, Bi. Lusia.

"Mama, kuna mtu alikichezea chombo, polisi wamemkamata. Lakini hakuniwekea maneno mdomoni. Nimekuja kwa ajili ya hayo."

Bi. Lusia alimjibu kama anayezungumza na bintiye.

"Mtaroni alilala, mayu. Ushirombo yote ilimwona, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwokota. Hapa nyumbani tulikuwa tumekubaliana tu tusiliseme mpaka matanga yaishe."

Akasogea kidogo, akampa nafasi kwenye mkeka.