Mama Alikuwa Anaomba Maji

Warda alikuwa akiuza vitumbua karibu na stendi ya Kibiti. Mume wake, Mshamu, alikuwa na shamba la mikorosho nje kidogo ya mji. Asubuhi Warda alipika, akauza, akaosha vyombo. Mchana alirudi nyumbani kuwasubiri watoto watoke shule. Siku zake zilifanana, isipokuwa Ijumaa. Ijumaa alivaa baibui lake, akachukua bakuli la uji wa mchele, akaenda kumtazama mama yake.

Mama yake aliitwa Bi Mwanaharusi. Alikuwa mtu wa Mbwera, kule Delta, mto unapoingia baharini. Maisha yake yote alilima mpunga na kusuka mikeka. Kisha siku moja alianguka shambani. Upande wake wa kulia ulipooza na mdomo ukaenda upande. Kilikuwa kiharusi. Hospitali walimtibu mpaka hatari ikapita, lakini hakuweza kusimama wala kujigeuza kitandani.

"Sasa anahitaji matunzo ya karibu na mazoezi ya viungo," daktari alisema.

Warda alijaribu kumtunza nyumbani. Alimwinua peke yake mpaka mgongo ukamkataa. Mshamu alitaka kusaidia, lakini Bi Mwanaharusi aliona haya kuogeshwa na mkwewe. Mwisho familia ilikubaliana apelekwe kwenye nyumba ya matunzo pembezoni mwa mji. Wazee na wagonjwa waliotoka hospitali walikaa pale mpaka wapate nguvu.

Majirani wengine walisema, "Warda kamtupa mama yake." Maneno hayo yalimchoma. Kwa hiyo hakupenda kuulizwa habari za nyumba ile. Akiulizwa alijibu, "Yuko salama, alhamdulillah," kisha akaanza habari nyingine.

Na kweli, kila Ijumaa mambo yalionekana mazuri. Mama yake aliletwa sebuleni kwa kiti cha magurudumu, amevaa kanga safi, ananukia sabuni. Hakusema mengi. Alishika mkono wa binti yake, akatokwa na machozi kidogo. Warda alidhani ni ugonjwa.

Tangu alipougua, Bi Mwanaharusi hakusema tena Kiswahili. Alisema lugha ya kwao tu, Kindengereko, tena kwa ulimi mzito. Wahudumu wengi walitoka mikoa mingine na hawakukijua.

"Bibi akili yake imechoka," alisema Muzdalifa, mmoja wa wahudumu. "Usiku na mchana anaropoka."

Warda aliitikia kwa kichwa. Alimwamini.

Kisha ikaja Jumanne moja ya mvua. Stendi ilikuwa tope tupu na wateja hawakuonekana. Vitumbua vilibaki. Warda akaona bora ampelekee mama yake vichache, avilainishe kwenye chai.

Mlinzi alimzuia getini. "Dada, leo si Ijumaa."

"Najua. Lakini hata Jumanne yule ni mama yangu."

Mlinzi akacheka, akamfungulia.

Warda hakusubiri sebuleni. Alipita ukumbini kuelekea vyumba vya wagonjwa. Kabla hajafika mlangoni alisikia sauti ya mama yake. Ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyeita kwa muda mrefu. Aliita kwa Kindengereko: "Nipeni maji. Jamani, kiu. Nipeni maji."

Muzdalifa alikuwa chumba kile kile, anatandika kitanda cha jirani. "Nyamaza bibi," alisema kwa upole. "Hebu pumzika."

Warda aliingia. Midomo ya mama yake ilikuwa imepasuka. Macho yalikuwa yamezama. Kikombe kilikuwa juu ya kabati, ng'ambo ya chumba.

"Muzdalifa, unajua mama anasema nini?"

"Hapana, dada. Kila siku anaimba hivyo hivyo."

"Anaomba maji."

Muzdalifa alishika shuka mkononi asijue aliweke wapi. "Maji?"

"Maji. Ana kiu."

Muzdalifa alikimbilia kikombe. Bi Mwanaharusi alikunywa kwa pupa akiwa amelala, akapaliwa, akakohoa mpaka Warda akaogopa. Alipotulia, Warda aliinama sikioni kwake.

"Mama, mbona Ijumaa hukuniambia?"

Mama yake alijibu taratibu, kwa Kindengereko. "Una watoto. Una kazi. Ningekuongezea mzigo."

Muzdalifa naye alikuwa analia. "Dada, nisikufiche. Tuko wachache na mashuka hayatoshi. Tuliambiana tusiwape maji mengi, wasilowanishe vitanda. Sikujua kwamba bibi anateseka. Wallahi sikujua."

Warda alitoka pale. Njiani alimpigia simu kaka yake, Hashimu, anayeuza kaa kule Mbwera.

"Mtoe leo leo!" Hashimu alifoka. "Au basi, ngoja. Nakuja mwenyewe."

Kesho yake Hashimu alipanda boti mpaka Nyamisati, akachukua bodaboda mpaka Kibiti. Alifika na matope kwenye suruali na hasira usoni. Hakutaka hata chai.

"Twende tukambebe mama," alisema. "Tuliambiwa tumemtupa. Kumbe kweli tumemtupa!"

Warda alijifunika uso kwa mtandio.

Jirani yao, Bi Sabra, alisikia kelele akaja. Bi Sabra alikuwa muuguzi aliyestaafu. Alifanya kazi miaka mingi wodi ya wagonjwa wa muda mrefu.

"Shikamoo, mama," Hashimu alisema, akashusha sauti.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nieleze."

Alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mkimtoa leo, nani atamgeuza kila baada ya saa mbili? Nani atamfanyisha mazoezi?"

Hashimu alimtazama dada yake.

"Sisemi mumwache ateseke. Nasema msimhamishe kwa hasira. Kwanza tukamwone. Tuseme na mkuu wa pale. Akisikia, vizuri. Asiposikia, tutakwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Kazi yake ni kufuatilia sehemu kama zile. Na wakati huo mtakuwa mmejipanga jinsi ya kumtunza nyumbani."

"Wakituchukia je?" Warda aliuliza. "Wakimfanyia mama ubaya tukiondoka?"

"Hiyo ndiyo hofu ya kila mtu, mwanangu. Ndiyo maana watu wananyamaza. Lakini mgonjwa mwenye ndugu wanaokuja, wanaoangalia, wanaouliza kwa adabu, ndiye anayeangaliwa vizuri. Wewe ulikuwa unakwenda Ijumaa peke yake, saa ile ile. Walijua unakuja. Badilisha siku. Badilisha saa. Nenda hata wakati wa chakula."

"Na akili yake?" Hashimu aliuliza. "Wanasema imeondoka."

"Ameomba maji kwa sababu ana kiu. Hapo akili imeondoka wapi? Kiharusi kinaweza kuchukua lugha moja kikaacha nyingine. Kiswahili kimejificha. Huenda kikarudi."

Hashimu akaomba ile chai.

Siku ile ile walikwenda wote watatu. Bi Sabra alinawa mikono, akavuta pazia, akaomba ruhusa kwa Bi Mwanaharusi kabla ya kumgusa. Hashimu akamtafsiria, kisha akasubiri nje ya pazia. Bi Sabra na Warda walimgeuza ubavu.

"Weka vidole hapa," Bi Sabra alisema, akionyesha juu kidogo ya makalio. "Ngozi yetu ni nyeusi, usitegemee kuona wekundu. Gusa. Unasikiaje?"

"Pa moto," Warda alisema. "Na pagumu kidogo."

"Hiki ni kidonda cha kulalia kinachoanza. Amelalia sehemu moja kwa muda mrefu. Ngozi bado haijapasuka, tumewahi. Angalia na visigino kila unapokuja."

Wakaenda ofisini kwa mkuu wa nyumba ile, Bwana Nurdini. Aliwakaribisha, lakini aliposikia neno malalamiko alikunja uso.

"Wazee wanalalamika sana," alisema. "Ndiyo hali yao. Sisi tunafanya tunachoweza."

Hashimu alinyanyuka kwenye kiti. Warda akamshika mkono. Alishangaa kuona sauti yake mwenyewe haitetemeki.

"Bwana Nurdini, hatukuja kugombana. Mama yangu aliomba maji, hakupewa. Mgongo wake umeanza kidonda. Mimi nimegusa kwa mkono wangu. Nakuomba uje uguse na wewe."

Bwana Nurdini alitazama saa yake. Kisha akainuka, akamwita muuguzi wa zamu, wakafuatana. Muuguzi alimchunguza Bi Mwanaharusi na kuthibitisha. Bwana Nurdini aliona midomo iliyopasuka. Aliuliza wahudumu kuhusu maji, na Muzdalifa akasema ukweli mbele ya wote.

Bwana Nurdini alivua miwani. "Agizo hilo sikulitoa mimi," alisema. "Lakini nyumba naiongoza mimi. Kwa hiyo kosa ni langu. Nawaomba radhi."

Kuanzia hapo walikubaliana. Bi Mwanaharusi atageuzwa mchana na usiku. Maji yatakaa upande wake wa kushoto, mkono wenye nguvu unapofika. Bi Sabra aliwaonyesha wahudumu jinsi ya kumnywesha: kwanza akae wima, anywe kidogo kidogo, ameze ndipo aongezwe. "Akinywa amelala, maji yanaweza kuingia mapafuni," alisema. Warda aliwafundisha maneno machache ya Kindengereko: maji, njaa, choo, baridi, naumwa. Muzdalifa aliyarudia mpaka Bi Mwanaharusi akacheka kwa jinsi alivyoyavunja. Warda hakuwa amesikia kicheko hicho tangu mama yake augue.

Mambo hayakunyooka mara moja. Wiki iliyofuata Warda alikwenda Alhamisi asubuhi akakuta kikombe kimewekwa tena upande wa kulia, upande uliopooza. Zamani angekisogeza akanyamaza. Safari hii alimwita mhudumu, kijana mgeni pale.

"Kaka, mkono huu haufanyi kazi. Kikombe kikikaa hapa, kwake ni sawa na kiko Dar es Salaam."

Kijana aliomba msamaha, akakihamisha. Warda akampitia Bwana Nurdini kumweleza kwamba wahudumu wapya nao waelekezwe. Bwana Nurdini hakukasirika. Alimshukuru.

Bwana Nurdini aliwaita ndugu wa wagonjwa wote kwenye kikao. Walikuja wengi. Mwanamume mmoja alisema baba yake hakuwa ameoshwa meno tangu aingie. Mwanamke mmoja alisema alidhani ni yeye tu mwenye wasiwasi. Kumbe kila mmoja alikuwa ananyamaza kwake. Waliomba mashuka na mipira ya kutandika kwenye magodoro viongezwe. Walikubaliana kuwa ndugu aruhusiwe kuja siku yoyote mchana, na si sebuleni tu. Wengine walijitolea kusaidia wakati wa kulisha. Wenye nyumba ile waliongeza wahudumu wawili.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bwana Saidy, alikuwa akija pale siku chache kwa wiki. Alimfundisha Warda kumnyoosha mama yake mkono na mguu bila kuvuta kwa nguvu. Hashimu naye alijifunza kila alipokuja kutoka Delta. Sehemu ya moto mgongoni ikapoa. Midomo ikapona. Bi Mwanaharusi alianza kukaa bila kuegemea. Baadaye alisimama, ameshika meza, miguu ikitetemeka.

"Tena," Bwana Saidy alisema.

Bi Mwanaharusi alimjibu kitu kwa Kindengereko. Hashimu akacheka sana.

"Kasemaje?" Bwana Saidy aliuliza.

"Anasema wewe una roho ngumu, lakini atasimama tena."

Kiswahili kilirudi polepole. Kwanza salamu. Kisha majina ya wajukuu. Kisha sentensi fupi fupi, zikitoka kwa shida, kila neno likisubiri lenzake.

Ulipokwisha msimu wa mvua, Bwana Saidy alisema Bi Mwanaharusi anaweza kwenda nyumbani. Mshamu alikuwa ameweka nguzo za kushikilia chooni na kuondoa kizingiti mlangoni. Binti wa shangazi yao alikubali kuhamia kwa Warda kusaidia kumwogesha.

Siku ya kuondoka, wahudumu walikusanyika ukumbini. Bi Mwanaharusi alikataa kiti cha magurudumu. Alitembea kwa fimbo, Warda akiwa upande mmoja na Muzdalifa upande wa pili. Bwana Nurdini alimsubiri mlangoni.

"Mama, umetuonaje hapa kwetu?" aliuliza.

Watu walitabasamu, wakingoja shukrani. Bi Mwanaharusi alisimama sawasawa. Alitafuta maneno kwa muda.

"Mwanzo," alisema kwa Kiswahili, "pabaya."

Tabasamu zikafutika.

"Sasa pazuri."

Akavuta pumzi. Akainua fimbo kidogo, akamwelekezea Bwana Nurdini.

"Msirudi nyuma."

Wengine walicheka. Bwana Nurdini hakucheka. Aliinamisha kichwa mbele yake, kama mtoto mbele ya mzazi.

"Tumekusikia, mama," alisema, akamshikia mlango mwenyewe.