Matairi ya Bi Mapambo

Jumamosi mchana duka la matairi lilikuwa limefurika. Mashine za kufungulia rimu zililia kwa zamu, harufu ya mpira mpya ilikaba koo, na wateja walijipanga kwenye viti vya plastiki wakitazama magari yao yakiwa hewani kama wagonjwa juu ya vitanda. Katikati ya zogo hilo akaingia mwanamke mmoja aliyevaa gauni la njano lililomkaa sawasawa, kilemba cha rangi hiyohiyo, na pini za kushonea zimechomekwa kwenye ukosi kana kwamba ni vito. Alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi. Mjini wote walimwita Bi Mapambo.

"Nani anapokea malalamiko hapa?"

Mafundi wote wakanyoosha kidole upande mmoja. Kwenye meza ya pembeni alikaa kijana mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Kazi yake ilikuwa kusikiliza watu wenye hasira tangu asubuhi hadi jioni, na kwa kuwa hakuna aliyeondoka kwake bila kupewa pole, jina likawa hilo: Bwana Pole.

"Pole sana, dada. Kaa kwanza."

"Sikuja kuchukua pole. Nimekuja kuchukua matairi. Haya mliyonifungia yananguruma. Nikiwa barabarani siisikii hata simu."

Bwana Pole akachungulia nje. Pale lilisimama gari kubwa jeusi la viti saba, refu kiasi kwamba mtu wa kawaida angehitaji kigoda kupanda.

"Twende nilisikie mwenyewe," akasema.

Wakatoka. Bi Mapambo aliendesha kama alivyotembea, moja kwa moja, bila kuomba radhi. Walipofika kwenye lami nzuri ngurumo ikaanza, nzito, ya kutetemesha vioo. Bwana Pole akaegemeza kichwa mlangoni akasikiliza, kisha akauliza, bila kufikiri:

"Mzee nyumbani yeye analionaje gari lake?"

Gari likasimama ghafla kando ya barabara.

"Shuka."

"Dada, nili—"

"Mzee gani? Mwanamke akiwa na gari kubwa lazima kuna mzee? Hili nimelinunua kwa kupamba kumbi, vidole hivi vimechomwa na pini mpaka basi. Shuka utembee."

"Nimekosa," alisema. "Nimekosa kabisa. Lakini nikishuka hapa, matairi yako nani atayabadilisha?"

Bi Mapambo alitaka kubaki amenuna, ila mdomo ukamsaliti. Akacheka upande mmoja tu, kisha akaondoa gari.

Kumbe matairi hayakuwa mabovu. Muuzaji aliyemhudumia mara ya kwanza alimpa yenye meno makubwa, ya kupita kwenye matope, kwa kuwa yanapendeza kwenye gari kubwa. Bwana Pole alimuuliza maswali ambayo muuzaji hakuuliza: unapita wapi, unabeba nini, mnakuwa wangapi ndani? Aliposikia ni lami tupu, na nyuma kuna vyuma vya jukwaa na marobota ya vitambaa, akamchagulia matairi ya barabarani, yenye ubavu mgumu wa kuhimili mzigo na mstari mwembamba mweupe uliozunguka kama uzi. Akasimamia yeye mwenyewe yakifungwa, upepo ukapimwa, magurudumu yakanyooshwa.

Bi Mapambo aliondoka gari likiteleza kimya. Njiani akawaza: mwanamume anayekubali kosa upesi hivi, ana jambo.

Alikuwa na sababu ya kuwaza hivyo. Mchumba wake wa kwanza alichukua gari lake dogo akisema analipeleka gereji. Gari halikurudi, na mchumba naye hakurudi.

Siku ya tatu simu ikaita.

"Habari za matairi?"

"Yamelala. Na wewe kila mteja unampigia?"

"Kila mteja. Ndiyo kazi yangu."

"Haya, umeshapiga."

Kesho yake akapiga tena.

"Mbona unarudia? Wateja wengine pia unawarudia?"

"Hapana. Wengine matairi yao hayajavaa gauni la njano."

Shangazi yake, aliyeishi naye, alikuwa jikoni akisikiliza. Shangazi huyu alikuwa askari magereza mstaafu, na ingawa sare aliirudisha, macho aliondoka nayo. Kila asubuhi kabla ya kupanda gari la mpwa wake alilizunguka lote, akainama, akagonga kila tairi kwa teke.

"Mwanamume anayejulia hali matairi," alisema, "siku moja utamkuta anajulia hali kadi ya gari."

"Shangazi, ni mtu mzuri."

"Nimefungia wengi wazuri."

Penzi halikusubiri ruhusa ya Shangazi. Lilianza kwa chai mchana, likaendelea kwa matembezi ya jioni, na Bwana Pole akawa anakuja kumbini baada ya kazi kushika ngazi huku Bi Mapambo akitundika mapazia juu. Naye kijana alikuwa na shaka zake. Kila wakiwa wamekaa vizuri, simu ya mwanamke iliita, na kwenye kioo likaandikwa jina: Bosi.

"Huyu Bosi," aliuliza siku moja akiwa ameshika ngazi, kwa sauti aliyoipiga pasi, "ni bosi wa nini hasa? Si ulisema umejiajiri?"

"Umeanza wivu?"

"Nauliza tu."

Bi Mapambo akaweka simu kwenye spika. Sauti ya Shangazi ikajaa ukumbi mzima: "Uko wapi, uko na nani, na huyo ulio naye mikono yake iko wapi?"

Bwana Pole aliinua mikono yote miwili juu, ngazi ikayumba, na Bi Mapambo akacheka mpaka pini zikamdondoka mkononi.

Basi mambo yalikuwa hivyo, matamu, hadi juma moja yalipogeuka.

Bwana Pole akaanza kuwa mtu mwingine. Simu yake ikilia alitoka nje kupokea. Aliulizwa kitu, akajibu kingine. Akimtazama mpenzi wake alitazama kwanza gari lililokuwa nyuma yake. Kisha siku moja, Bi Mapambo akiwa juu ya ngazi, akasema:

"Mpenzi, niazime ufunguo. Kidogo tu."

"Wa gari?"

"Wa gari."

Mikono ya Bi Mapambo ikasimama juu ya pazia. Aliteremka ngazi taratibu, akatafuta mkoba wake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akampa. Hakumwambia mtu, lakini tangu gari lile litoke mpaka liliporudi jioni hakutundika hata pazia moja. Alikaa kwenye kiti cha bibi harusi, akitazama mlango.

Liliporudi alishusha pumzi. Bwana Pole alikuwa amenawa mikono mpaka kiwiko. Alisema alikuwa na shughuli, akambusu kwenye paji la uso, akaondoka haraka.

Asubuhi Shangazi alizunguka gari kama kawaida yake. Akasimama. Akainama. Akaita kwa sauti ya gerezani:

"Njoo hapa! Mstari mweupe uko wapi?"

Bi Mapambo alitoka na kanga, mswaki mkononi. Matairi yote manne yalikuwa meusi tii. Mstari haukuwepo.

"Nilikwambia," Shangazi akasema. "Amekuachia bodi kwa hisani yake tu."

Simu ikapigwa palepale.

"Matairi yangu yako wapi?"

"Mpenzi, niamini tu."

"Hilo ndilo neno la kwanza la kila tapeli. Uliyauza?"

"Siwezi kuongea hapa nilipo. Naomba uniamini."

"Nilikupa ufunguo!" Sauti ikamkatika. Hakukuwa na haja ya kumweleza zaidi, maana kisa cha gari dogo alikuwa ameshamsimulia, akilia, mkono ukiwa mkononi mwake.

Akavaa haraka, gauni jeusi safari hii, na kwenda dukani. Alikuwa amepanga maneno njiani, makali, ya kusemwa mbele za watu. Lakini alipoingia alikuta meza ya malalamiko ina mtu. Mzee mmoja wa makamo, fundi bomba kwa jinsi alivyovaa, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye bega.

"Gari lilipinduka," mzee alikuwa akisema. "Tairi lilipasuka lenyewe, kwenye lami safi, mke wangu yumo ndani. Ni matairi mliyoniuzia juzijuzi!"

Chini ya meza kulikuwa na kipande cha tairi. Ubavuni ulizunguka mstari mwembamba mweupe.

Nyuma ya Bwana Pole alisimama tajiri, mwenye duka, mikono mfukoni. Bwana Pole alikuwa na jasho usoni. Akasema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayesoma kitu asichokipenda:

"Pole sana, mzee. Matairi yetu hayana tatizo. Huenda ulipita kwenye shimo."

Akainua macho, yakakutana na ya Bi Mapambo.

Bi Mapambo akageuka akatoka, naye akamfuata mbio mpaka nyuma ya duka kwenye marundo ya matairi chakavu.

"Ulijua," Bi Mapambo akasema.

"Nilijua Jumanne, lile tairi lililopasuka la yule mzee lilipoletwa. Nililigeuza nikaona tarehe. Yametengenezwa zamani sana, yamekaa ghalani miaka, yakapakwa mafuta yang'ae. Na mafundi waliambiwa wayafunge upande wa tarehe ukiangalia ndani, mteja asione. Naapa nilipokuchagulia sikujua. Nikaenda duka jingine nikakununulia mengine. Niliogopa ungekufa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekuja kupiga kelele, nami kazi ningepoteza. Nilifikiri nikuokoe kimyakimya."

Bi Mapambo alimtazama. Hasira aliyokuja nayo haikuwa na pa kukaa tena. Mtu huyu hakumwibia. Angeweza kumkumbatia pale. Lakini nyingine ilikuwa imeshaingia, tena nzito zaidi.

"Na wengine?"

Bwana Pole akageuza uso kwenye marundo ya matairi.

"Uliyabadilisha yangu kwa sababu unanipenda. Na yule mzee, yeye hana anayempenda? Mkewe hana? Umemwangalia usoni, mkono umevunjika, ukamwambia shimo!"

"Tajiri alikuwa amesimama nyuma yangu."

"Mimi nilifikiri umeniibia, nikaumia. Sasa najua hukuniibia, na ninaumia zaidi. Usinipigie."

Akaenda zake. Gari jeusi likatoka polepole, na Bwana Pole akabaki kati ya yale marundo.

Yaliyofuata Bi Mapambo hakuyaona, ila yalikuwa hivi. Bwana Pole alirudi ndani, akamwambia tajiri matairi yale yarudishwe yote. Tajiri akacheka. Alisema mpira hauozi, si samaki. Alisema ukitaka kuwa malaika kwanza rudisha shati la duka. Bwana Pole alilivua shati palepale, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza, akatoka na fulana ya ndani.

Simu yake aliondoka nayo. Humo mlikuwa na namba ya kila mteja ambaye yeye aliwahi kumpigia kuuliza habari za matairi. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, akaanza.

"Habari, mama. Ni mimi wa malalamiko. Leo mimi ndiye mwenye lalamiko. Naomba gari usilitoe."

Wapo waliomshukuru, wapo waliomtukania mama yake. Aliyempigia wa kwanza kabisa, kabla ya hao wote, alikuwa yule fundi bomba, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Uliniambia shimo," na kukata.

Kesho yake asubuhi Shangazi alipokea simu kutoka kwa shoga yake: barabara ya matairi haipitiki. Bi Mapambo alijifanya hana habari, lakini baada ya chai alichukua ufunguo. Shangazi akapanda bila kualikwa.

Magari makubwa yalikuwa yamejipanga tangu mlango wa duka hadi kwenye kona, yamevutwa kwa kamba, yamepandishwa juu ya malori. Yote yana mstari mweupe. Wenyewe walisimama wakipiga kelele, na tajiri, kola imelowa, alikuwa mlangoni akiapa kwamba yatabadilishwa yote, kila mtu, leo hii. Fundi bomba alisimama karibu yake na ile bandeji kuhakikisha hasahau.

Bwana Pole alikuwa ng'ambo ya barabara, peke yake, bado na ile fulana ya jana. Watu wengine walimpita wakimtupia maneno, maana ndiye uso waliouzoea. Hakujitetea.

Bi Mapambo akamwendea.

"Umekuja kuangalia kama ni kweli," alisema Bwana Pole.

"Nimekuja kuangalia."

"Sawa. Hata mimi ningekuja." Akafuta uso kwa kiganja. "Sikukupigia kwa kuwa ulinikataza. Na sikutaka udhani nimefanya ili nikupate."

"Ulifanya ili iweje?"

"Usingizi ulikataa tangu ile Jumanne. Kila nikifumba macho namwona mke wa yule mzee akiwa kwenye gari lililopinduka. Sasa sina kazi, na duka gani litanichukua baada ya hili?"

Bi Mapambo alimchunguza uso, kama anavyochunguza kitambaa kwenye mwanga kutafuta tundu. Alitafuta kwa bidii.

Honi ikapigwa. Shangazi alikuwa ameteremsha kioo.

"Kijana! Wewe unataka kumuoa huyu au unataka kusimama naye barabarani?"

"Shangazi!" Bi Mapambo akafoka.

"Shikamoo, Shangazi," Bwana Pole akasema.

"Marahaba. Jibu swali."

Akageuka kwa Bi Mapambo. Hakuwa na pete, hakuwa na shati la heshima, na nyuma yake dereva wa lori alikuwa akimtusi apishe njia.

"Nataka kukuoa," alisema. "Lakini najua huniamini."

"Sikuamini," Bi Mapambo akakubali. "Sijui kama nitakuamini leo, wala mwakani. Nitaangalia simu yako. Nitahesabu dakika ukichelewa. Nitamwamini Shangazi kwanza, halafu wewe."

"Nishuku tu. Ila nishuku ukiwa karibu."

Bi Mapambo akatoa pini moja kwenye ukosi wa gauni, akaifunga fulana yake iliyokuwa imechanika begani, taratibu, asimchome.

"Panda gari," akasema. "Nyuma. Mbele anakaa Shangazi."