Kioo Kilichotazama Mlango

Kila asubuhi, mwanawe Awadh na nduguze wakishakwenda shuleni, Hafidha aliketi kwenye meza yake katika studio ya picha ya mumewe, pale Malindi mjini. Zubeir alipiga picha. Hafidha alizitia rangi kwa burashi nyembamba. Mpe picha nyeusi na nyeupe, naye atakurudishia mtu mwenye damu mwilini. Mji mzima ulimjua kwa hilo, na yeye mwenyewe alijijua.

Mwaka 1988 kaka yake aliyefanya kazi Uarabuni alimletea kompyuta. Yeye na mumewe walitaka kuandikia kadi za harusi. Lakini ilikuja bila skrini, kile kioo cha kusomea maandishi.

"Kioo cha nini tena?" alisema Zubeir. "Si tuna televisheni yetu ya rangi? Tena kubwa."

Akaiunga na kompyuta. Kisha akaipamba kama kitu cha fahari kinavyopambwa. Akaiweka juu ya kitambaa cha kudarizi na kuielekeza mlangoni, kila apitaye aione. Watu waliiona kweli. Wengine waliingia kuamkia tu, huku macho yao yako kwenye kioo. Zubeir alitembea kifua mbele.

Aliyesoma kwenye kioo hicho ni Hafidha. Herufi zilikuwa na ukungu, tena zilitetemeka. Jua la mlangoni lilipopiga kioo, aliona uso wake badala ya maneno. Akazidisha mwanga, akasogea karibu. Ikifika adhuhuri macho yanamwasha na kichwa kinamgonga. Akaendelea kuandika kadi. Angeanzaje kuiharibu furaha ya mumewe?

Wiki moja Bi Shekha wa Mambrui alileta picha ya zamani ya marehemu mumewe, Mzee Mahadhi. Binti yao alikuwa akiolewa.

"Nataka baba yake awepo siku hiyo," alisema.

Zubeir alitoa nakala. Hafidha akaitia rangi alasiri, baada ya kuandika kadi tangu asubuhi. Bi Shekha alipokuja kuichukua, aliitazama kwa muda mrefu.

"Hafidha mwanangu, huyu si mume wangu," alisema taratibu. "Mashavu yamepakwa. Na jicho hili si lake."

Hafidha akatazama. Ni kweli. Aliona haya hata akashindwa kuinua uso.

"Nipe mpaka Ijumaa, mama."

Bi Shekha alipoondoka, Zubeir alisema, "Labda uache rangi, ushughulike na kadi tu."

Maneno hayo yalimchoma Hafidha. "Rangi ndiyo kazi yangu, Baba Awadh. Nikiiacha, nitabaki na nini?"

Kesho yake alipita jirani yao Jedida, karani wa hoteli moja ya Watamu. Yeye hushinda mbele ya kompyuta. Alikitazama kioo, akakunja uso.

"Dada Hafidha, unasoma hapa kweli? Televisheni ni ya kutazama ukiwa mbali. Wewe unasomea herufi ndogo, tena karibu. Lazima macho yaume."

"Basi tununue kubwa zaidi?" aliuliza Zubeir.

"La, Bwana Zubeir. Kwanza jiulize kioo ni cha kazi gani. Hafidha anasoma na kuandika. Picha anazitia rangi kwa mkono. Basi tafuteni kioo cha kompyuta, hata cha rangi moja. Muuzaji aandike herufi ndogo, nanyi mzitazame katikati na pembeni. Zikiwa na ukungu, kiacheni."

"Tukiweke hapa hapa?"

"Hapa panafaa kuonyesha, si kusoma. Jua la mlango lisikipige. Dirisha liwe ubavuni. Kikae mbali kiasi cha urefu wa mkono, na kisizidi usawa wa macho. Mwanga wake usiushinde wa chumba. Na kila baada ya muda, inua macho utazame mbali."

"Na picha zangu?" aliuliza Hafidha.

"Hizo unazijua kuliko mimi."

Alizijua. Rangi hutazamwa kwa mwanga wa mchana, macho yangali mapya. Fahari ya kompyuta ilikuwa imemsahaulisha. Tangu siku hiyo rangi zilikuwa za asubuhi, na kadi zikangoja.

Walikwenda Mombasa. Dukani Zubeir alikwenda moja kwa moja kwenye kioo kikubwa kuliko vyote.

"Andika herufi ndogo," Hafidha alimwambia muuzaji.

Kwenye kile kikubwa zilififia. Kwenye kidogo, cha rangi moja, zilisimama wazi mpaka pembeni. Wakachukua kidogo.

"Watu watasema nini?" Zubeir alinung'unika njiani.

"Watasoma kadi," alijibu mkewe.

Ijumaa Bi Shekha alikuja. Hafidha alimwamkia, kisha akampa picha mpya. Kofia nyeupe, uso wa maji ya kunde, mvi chache kidevuni, na macho yale ya mtu anayetaka kucheka.

"Mahadhi," alisema Bi Shekha, akajifuta machozi kwa pindo la buibui lake. Alipotulia akasema, "Nitilie rangi nakala nyingine. Itundikeni hapa mlangoni, watu wamwone."

Zubeir alipigilia msumari mwenyewe, ukutani, pale pale ilipokuwa televisheni kabla ya kuondolewa. Chini ya picha alibandika karatasi iliyoandikwa kwa kompyuta: Imetiwa rangi na Hafidha. Wapita njia wakaanza tena kuingia kuamkia, na Zubeir hakungoja waulize.

"Kazi ya mke wangu hiyo," alisema.