Ng'ombe wa Rafiki Hasemwi

Kila alfajiri kazi ya Dije ilikuwa ni kamba ya ndama. Alimfungua ndama mmoja, akamwacha akimbilie kwa mama yake anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha akamvuta pembeni kwa nguvu zake zote huku ndama akigoma na kupiga mateke. Mama yake, Kebbe, alichuchumaa na kibuyu mapajani, akikamua.

"Mshike huyo, mtoto wa watu! Unaota?"

Kebbe hakuwahi kumwita binti yake kwa jina. Dije alikuwa kifungua mimba, na kwao mama hatamki jina la kifungua mimba wake. Ni aibu, ni kama kujisifu mbele ya watu. Tangu azaliwe Dije alikuwa "mtoto wa watu," au "wewe," au "huyo," na hakuudhika. Mambo mengi hayakusemwa pale kambini. Mama hakumtaja baba kwa jina. Tumbo la mama lilikuwa limeanza kuonekana chini ya kaniki yake, lakini hakuna aliyelitaja, ingawa kila mtu alimpunguzia mizigo.

Na Saye naye hakusemwa. Saye alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu, na hakuwa wao. Ukame ulipoteketeza karibu kundi lote la baba yake Dije, Gorjo, rafiki yake aitwaye Ortudo alimletea Saye bila kuombwa. "Ndama watatu atakaozaa ni wako," alisema, "halafu nirudishie mama yao." Hiyo ndiyo habbanayi, na ng'ombe wa namna hiyo hapigiwi vigelegele wala halalamikiwi. Sasa Saye alikuwa na mimba. Gorjo alimwelekezea Dije kidevu akasema, "Akizaa jike, ni la huyu." Dije alishampa ndama huyo jina, moyoni.

Baada ya kukamua alikwenda shule. Shule yao ilikuwa kibanda cha nyasi karibu na kisima. Siku ile Daktari Salou, tabibu wa mifugo, alikuja na pikipiki yake yenye vumbi, akasimama mbele ya darasa.

"Ng'ombe akitupa mimba, niiteni," alisema. "Kilichotoka msikishike kwa mikono mitupu. Kifukieni chini sana, mbwa asikifikie. Zalio, kondo la nyuma, likikataa kutoka, msilivute, hiyo ni kazi yangu. Na maziwa yachemsheni. Ugonjwa wa kutupa mimba haubaki kwa ng'ombe, humwingia na mtu. Mwenye mimba akiupata, anaweza kuipoteza kama ng'ombe alivyoipoteza."

"Tuchemshe maziwa!" Bango alipiga kelele kutoka nyuma. "Daktari, unataka ng'ombe wetu wapasuke chuchu?"

Darasa likacheka, maana kila mtoto alikuwa ameambiwa na bibi yake kwamba maziwa yakichemka, chuchu za ng'ombe hupasuka.

"Zimepasuka za ng'ombe wa nani, Bango? Nipeleke nikazione."

"Wa bibi yake Dije!"

"Nyamaza wewe mtumwa wangu," Dije akamjibu. "Bibi yangu ndiye aliyekununua kwa kibaba cha chumvi, tena akapunjwa!"

Walikuwa mabinamu, watani, kwa hiyo hakuna aliyekasirika. Salou naye alicheka. Lakini alipowasha pikipiki alirudia, "Niiteni. Msione haya."

Siku chache baadaye, asubuhi, Saye alikosekana kwenye kundi. Dije alimkuta nyuma ya vichaka vya miiba, amesimama na kichwa chini. Karibu na miguu yake palikuwa na kitu kidogo, chenye maji maji, kimeanza tu kuota manyoya kwenye kope. Lilikuwa jike.

Alikimbia kumwita baba yake. Gorjo alitazama. Alichimba shimo lisilo na kina kwa fimbo yake, akamfukia ndama. Zalio lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya Saye. Gorjo alivua kandambili yake iliyokatika akaifunga pale, ili uzito wake ulivute taratibu, kama baba yake alivyokuwa akifanya.

"Baba, Daktari Salou alisema tumwite."

"Halafu?"

"Atakuja kumtibu."

"Atakuja na kelele zake za pikipiki. Kabla ya jua kuzama kisima kizima kitajua kwamba Ortudo alinipa ng'ombe mgonjwa. Mtu amenifunika uchi wangu, mimi nimvue nguo sokoni?" Akamtazama machoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya. "Ng'ombe wa rafiki hasemwi. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

Kesho yake Dije alikuwa kisimani akivuta maji na punda. Salou alikuwa pale akichanja ng'ombe wa watu. Alimwona, akafuta jasho, akaja.

"Binti Gorjo! Kwenu hakuna aliyetupa?"

Swali lilikuwa jepesi. Watu wawili watatu waligeuka kumsikiliza. Kamba ya ndoo ilimchoma viganja.

"Wote wazima," Dije alisema.

"Hata yule mwekundu?"

"Mzima kabisa. Anakula hadi anatushinda."

Watu wakacheka, Salou naye akacheka, akarudi kwenye kazi yake. Dije alirudi nyumbani akijiona mtu mzima, mtu anayejua kutunza siri ya ukoo.

Zalio halikutoka. Lilianza kunuka, nzi wakamfuata Saye kila aendako. Akaacha kula. Jioni ya tatu Kebbe alisema, "Ng'ombe huyu atakufa mikononi mwetu, na hapo ndipo aibu itakapokuwa." Akajipaka siagi mkononi hadi kwenye kiwiko. Mkono wake ulikuwa mwembamba, lakini vidole vilikuwa na nyufa za mchi na za kamba.

"Wewe, shika mkia."

Dije alishika mkia. Alimwona mama yake akiingiza mkono, akifumba macho, akibandua polepole, tumbo lake mwenyewe likigusa paja la Saye. Maneno yote ya Salou yalikuwa pale kinywani mwa Dije, hata alivyoyatamka aliyakumbuka. Baba yake alikuwa amesimama upande wa pili, mkono kwenye nundu ya ng'ombe. Dije alifungua mdomo. Gorjo alimtazama. Dije akaufunga.

Zalio lilitoka. Kebbe alinawa kwa maji ya kibuyu kimoja, kwa sababu maji yalikuwa mbali, kisha akaenda kutwanga mtama.

Saye alipona. Alianza hata kutoa maziwa kidogo, na watu wa nyumbani waliyanywa mabichi kama siku zote.

Homa ilimwanza Kebbe taratibu. Mchana alikuwa mzima, jioni anatetemeka, usiku analowa jasho hadi mkeka unalowa. Mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma. Walisema ni malaria, wakampa dawa ya malaria, akapata nafuu siku mbili, ikarudi. Dije ndiye aliyekamua sasa. Akawa analala akisikiliza meno ya mama yake yakigongana, akijiambia, Si ule ugonjwa, ni malaria tu.

Asubuhi moja wanawake wa kambi waliingia kwenye kibanda cha Kebbe mmoja baada ya mwingine, wakatoka wamefunika nyuso zao. Gorjo alichimba kaburi la kichanga. Halikuwa kubwa kuliko lile shimo la nyuma ya miiba. Mara hii alichimba kwa jembe, akaenda chini sana.

Ortudo alikuja kutoa pole. Alitandikiwa mkeka kivulini, Dije akapeleka chai. Kwanza wanaume wawili walizungumza juu ya mvua na malisho, kama inavyotakiwa.

"Na ng'ombe hawajambo?" Ortudo aliuliza.

"Hawajambo, tunamshukuru Mungu."

"Na Saye?"

"Saye hana neno."

"Muongo!"

Sauti ilitoka ndani ya kibanda. Gilasi ya chai ilimteleza Dije mkononi. Kebbe hakuwa amewahi kupaza sauti mbele ya mgeni, sembuse kumwita mumewe muongo.

"Saye alitupa, Ortudo. Nimelivuta zalio kwa mkono huu, na mimi nimetupa kama yeye. Mwambie mwenzako, Gorjo!"

Alikuwa amemtaja mumewe kwa jina. Gorjo aliinamisha kichwa.

Ortudo alichora mchangani kwa kidole, akafuta, akachora tena. "Kwangu walitupa wawili," alisema mwishowe. "Kabla sijamleta Saye. Niliogopa kusema. Nilidhani Gorjo atafikiri natafuta njia ya kumnyima."

"Kumbe!" Kebbe alicheka kicheko kikavu, kikakatika kwa kikohozi. "Huyu alikustahi wewe, nawe ukamstahi huyu. Na mwanangu amezikwa katikati ya heshima yenu."

Ni Gorjo mwenyewe aliyetandika punda siku ile akaenda kumtafuta Salou.

Salou alichukua damu ya ng'ombe wote, wa Gorjo na wa Ortudo. Kebbe alipelekwa zahanati, damu yake ikapimwa, akapewa vidonge vya majuma mengi na akaonywa asikatishe hata siku moja. Majibu yalipofika, Saye alikuwa na ugonjwa, na wenzake watatu kwa Ortudo. Waliondolewa kundini na kuchinjwa mbele ya Salou. Gorjo alimpeleka Saye mwenyewe, akimwimbia njia nzima. Salou hakumgombeza mtu. Alipokuwa akiondoka alisimama tu mbele ya Dije, akasema, "Nilikuuliza, mwanangu." Basi. Afadhali angempiga.

Homa ilikwisha. Kebbe alirudi kukamua, mikono yake imekonda zaidi. Siku ya kwanza hakuyaacha maziwa kwenye kibuyu. Aliyamimina kwenye sufuria, akawasha moto, akaketi. Dije aliketi upande wa pili.

"Ulikuwa unajua?" mama aliuliza bila kumtazama.

"Nilikuwa najua. Daktari alitufundisha darasani."

"Na ukashika mkia."

"Nikashika mkia, mama."

Kuni zililia motoni. Dije alingoja kofi. Halikuja.

"Sikupigi. Baba yako alikuziba mdomo, na mtoto hutii. Lakini sikiliza. Njaa utaificha mbele ya mgeni, hiyo ni heshima. Machozi utayaficha. Ugonjwa haufichwi, uwe wa mtu, uwe wa ng'ombe, hata awe ng'ombe wa rafiki. Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema lingine, kwamba anayeficha si lazima awe ndiye anayelia. Walificha wengine. Nimelia mimi."

Maziwa yalianza kupanda. Mama aliyatazama yakipanda, yakafika ukingoni, akaipua sufuria kwa pindo la kaniki.

"Dije."

Dije alidhani amesikia vibaya. Aliinua uso. Mama yake alikuwa anamtazama moja kwa moja, kama mtu aliyevua kitu mbele za watu.

"Dije, siku nyingine ukijua, sema. Mimi nikikuziba mdomo, niume mkono, useme."

"Abee, mama," Dije aliitikia, kwa sauti iliyofika hadi alikoketi baba yake, kwenye kamba ya ndama.