Nilimwita Namba Sita

"Ketrina, leo umelitaja jina langu mara ngapi?"

Lwitiko aliniuliza hivyo nyuma ya ghala la mahindi, jasho halijamkauka. Timu yake ya Ihanda ilikuwa imetoka kushinda nusu fainali, matatu kwa moja. Mimi ndiye mtangazaji wa kombe lile. Kila Jumapili baada ya ibada nashika kipaza sauti pale uwanjani Mlowo, na mdomo wangu mnaujua.

"Sikuhesabu," nikasema.

"Mimi nimehesabu. Hata mara moja. Mshambuliaji wetu Edson umemtaja mpaka mbwa wa Mlowo wanamfahamu. Mimi ni 'namba sita'. Namba sita anatoa pasi, namba sita anakaba. Kwani mimi ni chumba cha gesti?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Magoli yote matatu ya Edson yalitokana na pasi za Lwitiko, na mimi nilijua.

"Lwitiko, sababu unaijua. Baba anakaa hatua mbili kutoka nilipo. Nikilitaja jina lako sauti inanitetemeka. Alishasema, siku akisikia nina mvulana uwanjani, kipaza sauti nakiacha siku hiyohiyo."

"Mwaka mzima natoka Tunduma, naacha pancha za malori bila kuzibwa, nakuja kucheza kwa nauli yangu. Watu wananipita kama sipo. Hao nawavumilia. Lakini na wewe?"

"Unataka nifanye nini?"

"Nataka jina langu litoke mdomoni mwako, watu wasikie. Fainali ikiisha bila hilo, Ketrina, mimi narudi Tunduma na usinitafute."

Akaondoka na viatu vyake mkononi.

Baba yangu, Mzee Osward, ni mnunuzi wa kahawa. Ng'ombe wa kombe alimtoa yeye, mbuzi wa mchezaji bora alimtoa yeye, hema na kipaza sauti ni vyake. Jumatano aliniita sebuleni. Mezani palikuwa na bahasha.

"Barua ya posa imekuja. Mshenga kaileta asubuhi."

Moyo uliruka kwa furaha. Nikajua Lwitiko kajikaza kiume.

"Imetoka kwa nani, baba?"

"Unajifanya hujui? Kwa kina Edson."

"Edson yupi?"

"Edson uliyemtaja mara hamsini Jumapili! Mama yake anasema binti hawezi kulipigia kelele jina la mwanaume kiasi kile kama hampendi. Nimefikiri, nimeona ni kweli. Kijana mwenyewe anajulikana mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Fainali ikiisha nampa mbuzi wake, na jibu la barua nalitoa mbele za watu."

Jamani, mficha uchi hazai. Mimi nilificha mpaka nikaposwa na mwingine.

Nikamtumia Lwitiko ujumbe: "Edson kaniposa. Naomba tuongee."

Akajibu: "Hongera. Ulimtangaza vizuri."

Nikapiga, akakata. Nikapiga tena, hapatikani. Nililia hadi mama akadhani nalia kwa furaha ya kuolewa, akaniletea chai.

Jumapili uwanja ulifurika. Wapinzani wa fainali, Itaka, walikuja na ngoma zao, Ihanda na mavuvuzela. Lwitiko alikuja, akapita mbele ya hema bila kunitazama. Edson ndiye aliyesimama.

"Dada Ketrina, ile barua ni ya mama. Mimi nina mtu wangu Nakonde. Ila mama yangu ukimbishia, unalala njaa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Filimbi ya kuanza ikalia, nikakimbilia kipaza sauti.

Mechi ilikuwa ngumu. Itaka walikaba kama wana deni na mtu. Dakika ya themanini na nane bado hakuna goli. Ndipo Lwitiko akamnyang'anya mtu mpira katikati, akampita mmoja, akampita wa pili. Golikipa akatoka. Goli lilikuwa wazi, angeweza kupiga mwenyewe na dunia ikamjua. Akamwona Edson yuko mahali pazuri zaidi. Akampasia. Edson akagusa tu, goli!

"Edson! Edson! Edson!" uwanja mzima ukaimba.

Baba alisimama, kofia mkononi. "Mtaje, Ketrina! Mtaje!"

Nikainua kipaza sauti. Sauti ikaanza kutetemeka, na safari hii nikaiacha itetemeke.

"Aliyefunga ni Edson. Aliyelitengeneza goli ni Lwitiko. Nusu fainali yalikuwa matatu, yote pasi za Lwitiko. Tulipocheza na Vwawa yalikuwa mawili, pasi za Lwitiko. Nimewadanganya msimu mzima. Nilimwita namba sita kwa sababu nampenda, na nilimwogopa baba yangu aliyesimama hapa. Edson, nisamehe, nimempotosha mama yako. Baba, nisamehe. Lwitiko wa Ihanda, yule anayeziba pancha Tunduma, ndiye mchezaji bora, na ndiye mwanaume wangu."

Refa alisahau filimbi mdomoni. Edson akamfuata Lwitiko, akapiga goti mbele ya watu wote, akamfuta kiatu kwa jezi yake. Hapo uwanja ukalipuka.

"Lwitiko! Lwitiko! Lwitiko!"

Baba alininyang'anya kipaza sauti. Alikuwa anahema.

"Refa," akasema, "malizia dakika zako."

Ikaisha moja bila. Baba akaenda kwa mbuzi, akashika kamba.

"Namba sita aje hapa."

Lwitiko akaja, matope mpaka magotini. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Miaka thelathini nanunua kahawa. Najidai mzigo mzuri naujua kwa kuutazama tu. Wewe nimekutazama msimu mzima, sikukuona. Kosa ni langu." Akageukia jukwaa. "Mama Edson, barua yako nitairudisha kwa heshima. Binti yangu aliwapotosha kwa mdomo wake, na mimi na yeye tutaongea nyumbani."

Kisha akanirudishia kipaza sauti.

"Mchezaji bora ni nani? Mtangazaji ni wewe, sema."

"Ni Lwitiko, baba."

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Lwitiko aliinamisha uso, lakini machozi niliyaona.

Baba akamkabidhi kamba. "Mbuzi wako huyu. Umemstahili. Ila usimchinje."

"Nimfanye nini, Mzee?"

"Mpeleke Ihanda, wazee wako wamwone. Jumamosi arudi kwangu, na aje na mshenga."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, mbuzi aliingia uani kwetu. Mshenga alikuwa nyuma yake, anahema.