Perege wa Mtaroni

Wavu ulivutwa Jumamosi asubuhi, Mei 1984, katika bwawa la kijiji nje kidogo ya Runzewe. Waliousogelea walirudi nyuma wakiziba midomo. Perege walikuwa wamepinda. Wengine walikuwa na vibiongo, wengine mikia imegeukia tumboni, wengine taya zimekaa upande. Mwanamke mmoja alitapika palepale kwenye tope.

Kufikia adhuhuri kijiji kilikuwa kimekwishampata mchawi. Kwa kazi hiyo hatujapata kuchelewa. Bibi Theopista, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni za miaka sitini, alifungwa mikono kwa kamba akakalishwa chini mbele ya sungusungu. Hukumu ilipangwa saa kumi, na kila mtu alijua kuwa wanaohukumiwa hivyo hawaamki kesho yake. Pembeni, mbuzi alikuwa akichomwa.

Sajini Bhoke wa upelelezi, aliyeitwa na katekista, alishuka kwenye lori la pamba saa nane.

"Afande, hapa hakuna kazi ya polisi," alisema Bujiku, kamanda wa sungusungu. "Ushahidi tunao."

"Nionyeshe."

"Samaki hao. Halafu nguruwe wa katibu. Tangu Krismasi, ukimla unadhani umekula dagaa. Nani anachanganya viumbe namna hiyo kama si mchawi?"

Watu waliitikia kwa miguno. Telesphori, katibu wa mradi wa samaki, alisogea na shati lake jeupe. "Na bibi huyu anauza perege walionyooka, afande. Amewaibia wetu migongo, akawapa wake."

Bhoke alichuchumaa mbele ya mjane. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo wewe ndiye wa kwanza kunisalimia."

"Perege wako unawatoa wapi?"

"Mtaroni, chini ya bwawa. Mvua za vuli zilifurisha bwawa, vifaranga vikatoka na maji. Nikawa nawatega kwa kikapu."

"Unawalisha nini?"

"Mimi mwenyewe nalala njaa, nitamlisha samaki? Wanakula majani, na wadudu wa humo."

Telesphori alikohoa. "Au ni huyu Salehe, afande. Anaoshea dhahabu kule juu kwa zebaki."

Salehe, mnunuzi wa dhahabu, alisimama. "Zebaki yangu ina madhara yake, sikatai. Lakini wewe katibu, mbona mchawi wako amebadilika mara moja hivyo?"

Bhoke aliteremka mtaroni, akazamisha kikapu, akainua perege watano. Aliwapapasa migongo mmoja baada ya mwingine. Wote wamenyooka.

"Hawa na wa bwawani ni ndugu," alimwambia Bujiku. "Maji ya bwawani ndiyo yanashuka huku. Sumu ya Salehe ingewapinda wote. Kwa hiyo tafuta kilichotofautiana. Hawa wana nafasi, tena wanajitafutia chakula."

Walipanda hadi bwawa la pili la mradi. Lilikuwa kavu, limezungushiwa miti, na ndani yake nguruwe waliovimba kwa mafuta walikoroma juu ya kinyesi chao. Kijiji kizima kilipita hapo kila siku.

"Lilikuwa linavuja," Telesphori alisema haraka.

"Kwa hiyo samaki wote ukawasongamanisha kwenye bwawa moja."

Bhoke alitumbukiza mkono kwenye hori la nguruwe. Ukatoka na mashudu ya pamba na vichwa vya dagaa. Kisha akafungua kibanda cha chakula cha samaki. Ndani mlikuwa na pumba za mahindi peke yake, zimeota ukungu, zinatembea funza.

Saa kumi alisimama mbele ya mkutano, mkono ungali unanuka.

"Bwana samaki wa serikali alipoleta vifaranga, alisema nini?"

Watu walitazama chini. Walikuwepo wote siku ile, walipiga makofi. Aliyekumbuka ni yule aliyefungwa kamba.

"Alisema msiwabane, wala msiwalishe pumba tupu," Theopista alijibu. "Wakikosa dagaa na majani mabichi watapinda mifupa, kama mtoto aliyekosa lishe."

"Dagaa wa mradi wamo tumboni mwa nguruwe wa katibu," alisema Bhoke. "Ndiyo maana nyama ilinuka. Mliyakuta majibu kwenye sahani, mkayatafuna, mkaenda kumkamata bibi. Nguruwe wengi anawauza machimbo ya Geita, ambako mchimbaji aliyepata dhahabu hanusi anachokula. Mtu mmoja tu alikuwa na perege walionyooka, na siku moja mtu angeuliza kwa nini. Si ndiyo, katibu?"

"Ni samaki tu, afande," Telesphori alisema.

"Na bibi huyu?"

Telesphori alipangusa tope kwenye mkono wa shati lake. "Ameshaishi sana," alisema.

Kijana mmoja aliikata kamba ya Theopista, akamrukia katibu nayo. Bhoke alimsukuma kijana kando, akamtia katibu pingu. "Kamba zenu nimeziona za kutosha."

Bujiku aliinama mbele ya mjane. "Mayu, mama yetu, yamekwisha. Ukapumzike."

Theopista aliokota vipande vya kamba, akavifunga pamoja taratibu. "Hii ni yangu. Mliifungua shingoni mwa mbuzi wangu asubuhi." Aliangaza huku na huku. "Yuko wapi?"

Bujiku, kamanda wa sungusungu, alipeleka mkono nyuma ya suruali, akaanza kufuta mafuta vidoleni.