Mrija wa Mgeni

Siku ile wodini Kasulu walikuwapo Maximilla aliyelazwa, mwanawe Venanti, mkwewe Irakoze, tabibu Evaristi, na mzee wa koti la kijivu ambaye kila mmoja alimdhania ndugu wa mwenzake.

Ilikuwa saa nane mchana. Kwenye pembe ya mbali alikoketi mzee palinuka pombe ya mtama iliyochacha.

Asubuhi Maximilla alipigwa kiharusi. Alichomwa sindano ya kuyeyusha damu iliyoziba mshipa wa kichwani, na mkono wake ukaanza kusogea. Kisha fizi zikatoka damu, isikome.

Evaristi aliivua sweta yake akamfunika mgonjwa miguu. Akaweka damu ya Maximilla kidogo kwenye kichupa cha kioo.

"Tungoje dakika ishirini, msiiguse. Ikiganda, nafuu. Ikibaki maji, dawa bado inaiyeyusha, na inaweza kuvujia kichwani."

Wakangoja. Irakoze akasikia fyuu, fyuu, kama mtu anayemalizia pombe chini ya chungu.

Evaristi alipokiinamisha kichupa, damu ilitiririka kama maji. Tena ilikuwa imepungua nusu.

"Nani amekigusa?"

"Hakuna, daktari."

Alimtoa Venanti damu ya kumwongezea mama, akaleta na dawa ya kuzuia kuvuja. Irakoze akamnong'oneza mumewe, "Yule mzee ni wa kwenu?"

"Si baba yako mdogo wa Munanila?"

"Hata! Jumapili alipita njiani, nikampa mrija anywe nasi pombe chunguni."

"Ulimwambia chungu kimekwisha, ili aache kunywa?"

"Mama hapendi mgeni aambiwe hivyo."

Fyuu. Irakoze akanyanyuka na kikombe kitupu cha mgonjwa, akapita kitanda baada ya kitanda huku harufu ya pombe ikigeuka kuwa harufu ya damu na macho ya mzee yakimfuata bila kupepesa, mpaka akafika mbele yake akakifudikiza kikombe sakafuni.

"Babu, chungu kimekwisha. Nenda salama."

Mzee akatabasamu. Fizi zake zilikuwa nyekundu. Akauchomeka mrija uliolowa ndani ya mkono wa koti, akatoka.

Evaristi akaweka damu nyingine kwenye kichupa cha pili, wakangoja tena. Evaristi alikipindua, damu haikudondoka.

"Asante Mungu," akasema Venanti.

Irakoze alikiinamia kichupa. Katikati ya damu ile iliyoganda palikuwa na tundu jembamba, limenyooka mpaka chini.

Maximilla alirudi nyumbani Rungwe Mpya baada ya siku kumi na moja, na nyumba ile haikupika pombe tena.